Kuwafundisha Watoto wa Shule Kujihami: Anza na Sauti, Mapigo Baadaye

Walimu na wazazi wa hapa Moshi huniletea malalamiko matatu, na hayabadiliki muhula hadi muhula. La kwanza: "Tulianza na watoto arobaini, wiki ya tatu wamebaki tisa." La pili: "Tangu tuwafundishe, darasa la sita halikaliki, ni ngumi tu." La tatu ndilo linaloniuma: "Mtoto alikuwa anajua mateke yote. Siku aliposhikwa mkono njiani, alisimama kimya kama nguzo."

Yote matatu yana chanzo kimoja: mafunzo yalianzia kwenye mapigo. Mtoto wa miaka kumi na mmoja hawezi kumshinda mtu mzima kwa nguvu, na yeye mwenyewe anajua. Ukimpa teke peke yake, umempa kitu ambacho moyo wake haukiamini. Anachoweza ni kutambua hatari mapema, kukataa kwa sauti, kujinasua kwa sekunde mbili tatu, kukimbia na kusema.

Mwongozo huu unafuata mpangilio huo. Ni wa watoto wa darasa la nne hadi la saba, wasichana na wavulana pamoja, kwa wiki sita, saa mbili kila wiki.

## Mahitaji kabla ya siku ya kwanza

- Watoto wasiozidi 20 kwa kundi. Wakizidi hapo, mwoga anajificha nyuma na hutamwona.
- Wakufunzi wawili, angalau mmoja mwanamke.
- Fomu ya ridhaa ya mzazi au mlezi, kwa Kiswahili chepesi, iliyosainiwa.
- Uwanja wa nyasi, au darasa lililotolewa madawati.
- Mito minne ya kupigia. Chukua gunia la mchele la kilo 25, lijaze mabaki ya vitambaa kutoka kwa mafundi cherehani, lishone vipini viwili vya mkanda upande mmoja. Usijaze mchanga, unavunja vifundo vya mikono.
- Godoro la zamani, hata moja.
- Filimbi, chaki, karatasi za manila, kalamu za rangi, maji ya kunywa na sanduku la huduma ya kwanza.
- Daftari la mahudhurio, na daftari la pili linalofungiwa kabatini. La pili nitalieleza katika hatua ya kwanza.

Watoto wavae bukta au traksuti chini ya sketi na kaptura, na miguuni viatu vyao vya shule vya kila siku. Mtoto akikamatwa njiani atakuwa na viatu hivyo hivyo, na begi lake mgongoni. Afanye mazoezi akiwa hivyo.

Chagua msimu. Masika ya Machi hadi Mei yanageuza viwanja vingi vya Moshi kuwa tope, na mtoto akiteleza siku ya kwanza anaogopa siku ya pili. Mimi huanza mwishoni mwa Januari au Julai shule zikishafunguliwa.

## Hatua ya 1: Ruhusa, na njia ya taarifa

Anza na mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule, kisha kikao cha wazazi. Mwenyekiti wa mtaa naye ajue, maana watoto watakuwa wanapiga kelele na majirani watakuja mbio.

Katika kikao wazazi wengi watauliza: "Mnamfundisha mwanangu kupigana?" Usibishane nao. Waonyeshe. Muite mzazi mmoja mbele, umshike kifundo cha mkono, umfundishe kujinasua hapo hapo. Akishatoka mkononi mwako kwa mara ya pili, kikao kizima kinakuwa upande wako.

Weka kanuni za wakufunzi kwa maandishi na uzisome mbele ya wazazi. Mkufunzi habaki na mtoto peke yake mahali palipofungwa. Hamgusi mtoto kabla ya kumuuliza: "Naweza kukushika mkono?" Mtoto akisema hapana, hashikwi, na hakuna anayemcheka. Kanuni hiyo ya mwisho ni somo lenyewe: mtoto anaona kwa mara ya kwanza kwamba hapana yake imemsimamisha mtu mzima.

Usimkubali mkufunzi yeyote anayekataa kanuni hizi, hata akija na mkanda mweusi.

Sasa lile daftari la pili. Ndani ya wiki sita kuna mtoto atakayekufuata pembeni na kukuambia jambo lililompata. Jiandae kwa hilo kuanzia leo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na karibu mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Katika kundi la watoto ishirini, hesabu hiyo ina sura na majina.

Kwa hiyo, kabla ya kufundisha chochote, kubalianeni nani anapokea taarifa na inakwenda wapi: mwalimu wa malezi, afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Andika pia namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Mtoto akikuambia, msikilize mpaka mwisho, mwambie "nakuamini" na "huna kosa", andika maneno yake katika daftari hilo kama alivyoyasema, kisha fuata njia mliyokubaliana siku hiyo hiyo. Usimhoji kama polisi. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, maana huwezi kuitimiza ahadi hiyo. Usiende kumkabili mtuhumiwa mwenyewe.

Ikiwa amefanyiwa ukatili wa kingono ndani ya siku chache zilizopita, haraka ni ya saa: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Mtoto apelekwe hospitali, kama Mawenzi au KCMC, wala asiogeshwe kwanza.

Umefaulu hatua hii ukiweza kujibu bila kusita: mtoto akiniambia jambo leo saa nane mchana, saa tisa nitakuwa nimeshampigia nani?

## Hatua ya 2: Mtoto achore njia yake

Wiki ya kwanza, saa ya kwanza. Gawa karatasi za manila. Kila mtoto achore njia yake kutoka nyumbani hadi shuleni: mfereji, daraja, kijiwe cha bodaboda, duka, nyumba isiyoisha, shamba. Kisha apake rangi nyekundu mahali anapoogopa, na kijani mahali ambapo kuna mtu anayeweza kumkimbilia.

Usimwambie wewe wapi pa hatari. Kuna mwaka niliwaonya watoto wa Pasua kwa dakika arobaini kuhusu stendi. Walipochora wenyewe, karibu wote walipaka nyekundu mahali ambapo sikuwahi kupafikiria: kijia kinachopita katikati ya mahindi. Mwezi wa tano na wa sita mahindi yanakuwa marefu kuliko mtoto, na mtu aliyesimama hatua mbili ndani haonekani. Januari kijia hicho hakina shida kabisa. Wao walijua, mimi sikujua.

Baada ya kuchora, pitieni njia mbadala, na mpange watoto wa njia moja watembee pamoja. Sababu ni nyepesi: hatari iliyokwepwa haihitaji teke.

Ongeza swali moja la kuulizwa kwa upole: "Je, kuna sehemu nyekundu ndani ya nyumba?" Hakuna anayelazimika kujibu mbele ya wenzake. Wengi wanaowaumiza watoto ni watu ambao watoto wanawafahamu, na ukizungumzia wageni wa njiani tu, mtoto anayeumizwa nyumbani ataona mafunzo haya hayamhusu.

Umefaulu kila mtoto akitaja maeneo matatu ya kijani kwenye njia yake bila kuangalia karatasi.

## Hatua ya 3: Kusimama na umbali

Hii ni fupi. Miguu ipane kama mabega, mmoja mbele kidogo, magoti yalegee. Mikono juu usawa wa kifua, viganja vikimwelekea mtu, vidole wazi. Mkao huu haumtukani mtu yeyote. Unafanana na mtu anayesema "ngoja kidogo". Lakini mikono tayari iko mahali pake.

Kisha umbali. Chora mstari kwa chaki. Mkufunzi amsogelee mtoto polepole, na mtoto aseme "simama hapo" anapoanza kujisikia vibaya. Mwanzoni wengi watakuacha ufike puani. Rudia mpaka wakusimamishe mbali ya mikono miwili iliyonyooshwa. Ndani ya umbali huo mtu mzima anamshika mtoto kabla mtoto hajafikiri.

## Hatua ya 4: Sauti

Hapa ndipo utatumia muda mwingi kuliko kwingine kote. Nenda taratibu. Walimu wengi hutoa dakika kumi, wakimbilie mapigo. Mimi natoa wiki mbili kamili.

Fanya jaribio kwanza. Mweke mtoto katikati ya uwanja, mwambie apige kelele "Hapana!" hadi mwenzake aliye langoni ainue mkono kuonyesha amesikia. Utashangaa. Watoto hao hao ambao wakati wa mapumziko wanasikika hadi barabarani watatoa sauti ya mtu anayeomba kalamu. Wengine watacheka, wengine watalia. Koo haina shida yoyote. Tangu alipoanza kutembea ameambiwa kwamba mtoto mwenye adabu hamjibu mkubwa, na mkubwa akimtuma anakwenda. Amelelewa vizuri, na malezi hayo hayo mtu mbaya anayajua na anayatumia.

Kwa hiyo usianze kwa kuwaambia watoto waache heshima. Wazazi watawatoa, na watakuwa na haki. Watenganishie vitu viwili ambavyo vimefungwa pamoja: kumheshimu mtu na kumtii kila anachotaka. Zoezi langu ni hili. Mkufunzi anapita, mtoto anasalimia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Njoo unisaidie kubeba mzigo huu hadi ndani."

"Hapana, mzee. Siingii ndani. Nitamwita mtu mkubwa aje akusaidie."

Mtoto amesalimia, amekataa, na ametoa msaada ambao haumweki hatarini. Rudieni na sauti tofauti: anko, baba mdogo, kaka wa bodaboda anayesema "mama yako amenituma nikuchukue", hata mwalimu anayemwita mtoto nyumbani kwake peke yake. Kwa huyu wa bodaboda, kila familia iwe na neno lake la siri. Asiyelijua hakutumwa na mama.

Fundisha ngazi tatu, kwa mfuatano:

1. Sauti ya kawaida, macho usoni. "Sitaki." Neno moja, bila maelezo. Mtoto akianza kujieleza, yule mtu anapata mlango wa kubishana.
2. Sauti nzito, mikono juu. "Rudi nyuma! Usiniguse!" Sauti itoke tumboni. Mwambie aweke kiganja chini ya kitovu na asikie tumbo likisukuma. Kelele nyembamba ya kooni watu huidhania ni ya mchezo.
3. Sauti ya kuita watu. Hapa maneno ni muhimu kuliko ukubwa wa sauti.

Kuhusu ngazi ya tatu, zingatia mambo mawili. Mtoto akipiga kelele "Niache! Niache!" barabarani, wapita njia watadhani ni baba anamrudi mwanawe, na watapita. Mfundishe kupaza: "Simjui huyu! Simjui huyu!" Hapo hata mama wa ndizi atasimama. Ikiwa mtu huyo ni ndugu au jirani, apaze jina lake na anachofanya: "Baba mdogo, toa mkono wako!" Anayefanya siri hapendi kutajwa.

La pili ni onyo zito. Usiwafundishe kupiga kelele ya "Mwizi!". Ni kweli watu watakuja haraka, lakini watakuja na mawe. Mtu anaweza kuuawa pale pale, na pengine si yeye, na mtoto akabaki na mzigo huo maisha yake yote. Waeleze wazi sababu. Wanaelewa, maana wengi wao wamekwisha kuona.

Mtoto asiyeweza kusema, au kiziwi, apewe filimbi ya kuvaa shingoni kwa kamba inayokatika kirahisi, na wenzake wafundishwe maana yake.

Umefaulu mtoto mnyonge kuliko wote anaposikika langoni na hajacheka. Siku hiyo utaona jambo lingine. Nilikuwa na binti wa darasa la tano ambaye kwa wiki tatu alisimama mstari wa nyuma akiuma kola ya sweta. Siku sauti yake ilipofika langoni, aligeuka kututazama kana kwamba mwingine ndiye aliyepiga kelele. Wiki iliyofuata mwalimu wake wa hisabati aliniuliza tumemfanya nini, maana alikuwa ameanza kunyoosha kidole darasani.

Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza jambo hili kwa uwazi: imani ya mtu kwamba anaweza hujengwa zaidi na kitu alichokifanya mwenyewe kikafaulu kuliko na maneno ya kutiwa moyo. Kwa hiyo usipoteze muda kumwambia mtoto "jiamini". Mpe kitendo kidogo anachoweza kukimaliza, halafu kingine kikubwa kidogo.

## Hatua ya 5: Kujinasua

Wiki ya tatu na ya nne. Fundisha manne tu, kila moja mara thelathini kila upande, polepole kwanza.

Kushikwa kifundo cha mkono. Udhaifu wa mshiko wowote uko pale kidole gumba kinapokutana na vidole vingine. Mtoto ageuze mkono wake ili upande mwembamba wa kifundo uelekee kwenye uwazi huo, akunje kiwiko, apige hatua kuelekea kwa mshikaji, kisha avute ghafla kuelekea begani kwake. Kosa la kawaida ni kuvuta moja kwa moja nyuma. Hapo anashindana na vidole vinne, na atashindwa.

Kushikwa mkono mmoja kwa mikono miwili. Akunje ngumi mkono ulioshikwa, aidake ngumi hiyo kwa mkono wake mwingine, avute juu kwa mwili wote, si kwa mabega.

Kukumbatiwa kutoka nyuma. Ashuke. Mtoto akijinyoosha ananyanyuliwa kama mtungi tupu. Akipanua miguu na kushusha makalio kama anayekaa kwenye kigoda, anakuwa mzito. Kisha kisigino kipige ugoko na kiserereke hadi kwenye mgongo wa mguu wa mshikaji.

Kushikwa begi au sweta. Aliache. Atoe mabega, akimbie. Watoto wanashindwa hapa kuliko kokote, kwa sababu wanaogopa kuchapwa nyumbani kwa kupoteza begi. Ndiyo maana kwenye fomu ya ridhaa mimi huweka mstari ambao mzazi anausaini peke yake: *Mwanangu akiacha begi ili ajiokoe, hataadhibiwa.* Usomeni mstari huo mbele ya mtoto.

Onyo: Hakuna zoezi la kukaba shingo. Hakuna kukunja vidole vya mwenzako nyuma. Anayeshika ashike kwa nguvu ya wastani, na neno "basi" likitamkwa kila kitu kinasimama papo hapo. Mtoto anayepuuza "basi" anapumzishwa siku hiyo.

Umefaulu mtoto wa darasa la nne akijinasua mkononi mwa mtu mzima mara nane kati ya kumi, bila kuangalia mkono wake.

## Hatua ya 6: Mapigo matatu, si zaidi

Kiganja, goti, kisigino. Kiganja kinapiga kwa sehemu ngumu karibu na kifundo, kuelekea puani au kidevuni. Goti linapanda kwenye sehemu za siri au paja. Kisigino mmekwisha kukiona. Ngumi siifundishi: mkono wa mtoto una mifupa midogo, na ngumi isiyokunjwa vizuri humuumiza mpigaji.

Pigeni kwenye mito, kila pigo likiambatana na sauti. Mapigo mawili au matatu, kisha mbio. Mtoto anayebaki kuendelea kupiga hajaelewa kazi ya pigo, ambayo ni kufungua mlango wa kutoka.

Siku hii ndiyo ya kuzungumza na wababe. Soma kanuni kabla ya mito kutolewa: mapigo ni pale tu mtu anapokuzuia kuondoka na sauti imeshindwa. Si kwa aliyekutania, si kwa aliyechukua rula yako, si kwa mdogo wako nyumbani. Sheria inamtambua anayejitetea, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Atakayetumia mapigo kwa mwenzake anatoka kwenye kundi kwa wiki moja na anarudi akiwa na mzazi. Nikiwa nimetangaza hivi mapema, nimelazimika kuitumia kanuni hii mara chache sana. Nilipokuwa siitangazi, ndipo nilipoharibu darasa la sita la watu.

Wavulana wanahitaji mazungumzo mengine ya ziada, na wayapate mbele ya wasichana. Hapana ya msichana ni hapana, hata akiisema huku akicheka kwa woga. Na mvulana naye huumizwa. Wengi wao hawajawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote, na wanaposikia, chumba kinakuwa kimya.

## Hatua ya 7: Kukimbia na kusema

Mbio ni ujuzi, zifanyieni mazoezi. Mtoto akimbilie kwenye watu, si kwenye kujificha: dukani, kwa mama lishe, kanisani au msikitini, kwenye foleni ya maji. Akifika, aingie nyuma ya kaunta au ashike mkono wa mama aliye karibu, aseme: "Mtu ananifukuza. Naomba unipigie simu kwa mama." Namba ya mzazi aikariri kwa wimbo. Ya kwenye daftari itabaki kwenye begi aliloliacha.

Kisha kusema. Kila mtoto ataje watu wazima watatu anaowaamini, na angalau mmoja asiwe wa nyumbani kwake. Mfundishe hivi: wa kwanza asipokuamini, mwambie wa pili, wa pili akikunyamazisha, mwambie wa tatu, akishindwa wa tatu, piga 116. Fanyeni igizo ambalo mkufunzi, akiwa kama mtu mzima mwenye kazi nyingi, anamjibu mtoto, "Acha uongo, yule ni mtu wa heshima." Mtoto ajizoeze kusikia maneno hayo bila kufunga mdomo. Linauma kuliko zoezi lolote la mito.

## Hatua ya 8: Igizo kamili

Wiki ya sita. Mkufunzi avae sweta mbili, afunge mto kifuani, asimame kwenye njia iliyochorwa kwa chaki. Mtoto apite na begi lake. Mkufunzi aanze na maneno, kisha asogee, kisha ashike. Mtoto apitie yote: umbali, sauti, kujinasua, pigo kwenye mto, mbio hadi mahali palipopakwa kijani, taarifa.

Mwambie mtoto mapema kila kitakachotokea. Usimvizie wala kumtisha ili "azoee". Kuna watoto ambao kwao hili si igizo, ni kumbukumbu. Anayekataa kushiriki aangalie tu, naye bado anajifunza.

Kuna mtoto atakayeganda katikati. Simamisha, kaa chini, waeleze wote: mwili ukiogopa sana unaweza kuganda wenyewe, na haimaanishi umekubali. Aliyeganda siku alipoumizwa hakukosea. Lisemeni hili kwa sauti, kila kundi, kila mwaka. Bila hilo, mafunzo haya yanaweza kumwachia mtoto aliyeumizwa zamani swali baya: kwa nini mimi sikupiga? Baada ya hapo anza naye upya, polepole, kutoka kwenye "simama hapo".

## Hatua ya 9: Pima, kisha rudia

Siku ya kwanza na ya mwisho, waulize maswali yale yale matano, wajibu kwa kuchora uso wa huzuni, wa kawaida au wa furaha: Naweza kumwambia mkubwa hapana? Sauti yangu inafika mbali? Najua wapi pa kukimbilia? Nina mtu wa kumwambia? Nikiumizwa ni kosa langu? Linganisha karatasi. Waulize na walimu wa darasa: nani anajibu maswali sasa, nani ameacha kujificha wakati wa mapumziko, nani amegeuka mbabe.

Jihadhari na ujasiri wa uongo. Mtoto akisema "sasa sipiti tena njia ndefu, naweza kujipigania", hajafaulu. Mrudishe kwenye ramani yake ya hatua ya pili.

Saa kumi na mbili zinatosha kuleta tofauti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, kuhusu karibu wasichana 2,000 wa umri wa miaka 13 hadi 20 katika mitaa duni ya Nairobi, uliangalia mafunzo ya saa 12 yaliyogawanywa kwa wiki sita. Zaidi ya nusu ya waliofundishwa walisema wametumia walichojifunza kuzuia shambulio katika miezi iliyofuata. Hata hivyo ujuzi usioguswa unachakaa, kwa hiyo weka marudio ya saa mbili kila baada ya miezi mitatu.

Siku ya marudio, anza na jaribio la langoni kabla ya kitu kingine chochote. Mtoto aliyesahau mapigo lakini sauti yake bado inafika, mwandike amefaulu. Aliyekumbuka mapigo yote na sauti imerudi chini, mrudishe hatua ya nne wiki hiyo hiyo, na ukiwa peke yako na mwalimu wa malezi, fungueni lile daftari la pili muone kama lina jina lake.